Namna ya Kutathmini Uendelevu wa Kimazingira wa Malighafi za Barabara katika Nyanda za Juu Kusini

Mhandisi wa halmashauri, mkandarasi au kamati ya mazingira ya kijiji hukutana mara kwa mara na swali hili: kati ya changarawe ya karibu, kokoto za kusaga zinazoletwa kutoka mbali, udongo ulioimarishwa kwa saruji, lami na zege, ni ipi inayoharibu mazingira kidogo zaidi? Likiulizwa hivyo, swali hilo halina jibu. Changarawe iliyodumu miaka kumi katika tambarare kavu ya Iringa inaweza kusombwa na mvua za msimu mmoja katika miteremko ya Rungwe, na saruji ambayo ni mzigo mkubwa kwa hewa inaweza kuwa ndiyo inayookoa mlima usichimbwe mara tano. Malighafi hupimwa kwa kazi inayoifanya mahali ilipowekwa, kwa miaka yote ya barabara, pamoja na hali ya shimo ilimochimbwa baada ya mitambo kuondoka. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulipima jambo hilo kwa vitendo katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa.

Hatua ya kwanza: Amua unachokilinganisha

Usilinganishe tani moja ya saruji na tani moja ya changarawe, kwa sababu hazifanyi kazi moja. Chukua kilomita moja ya barabara yenye upana uliokwisha kuamuliwa, magari yanayotarajiwa na muda wa matumizi, kwa kawaida miaka 20, kisha uliza kila chaguo litahitaji nini ili kilomita hiyo ipitike muda wote huo. Huu ndio msingi wa tathmini ya mzunguko wa maisha kama inavyoelezwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 14040 cha mwaka 2006, na mtu anaweza kuufuata kwa daftari na kikokotoo bila programu yoyote ya gharama.

Andika pia mazingira ya barabara yenyewe. Barabara ya Igurusi inayobeba magunia ya mpunga, ile ya Mafinga inayobeba magogo na mbao, na ile ya Makete inayobeba viazi kwenye mteremko mkali wakati wa mvua ni barabara tatu tofauti hata kama upana wake ni mmoja.

Hatua ya pili: Jua ardhi ya mahali inatoa nini

Kabla ya kuchora mstari wowote kuelekea machimbo ya mbali, tafuta kwanza kinachopatikana ndani ya kilomita 20 au 30 za barabara. Nyanda za Juu Kusini zina miamba ya aina nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Kuanzia Iringa kuelekea Mafinga kuna miamba mikongwe ya matale (graniti) na jamii zake, ambayo ikiwa haijaoza hutoa kokoto ngumu, na ikiwa imeoza kwa kiasi hutoa changarawe nzuri ya tabaka la chini la msingi. Ukishuka kwenye bonde la Usangu, kupitia Rujewa, Igurusi na Chimala, unakutana na udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na usiofaa kubeba barabara bila kuondolewa, kufunikwa kwa kina cha kutosha au kutibiwa kwa chokaa. Rungwe na Busokelo ni nchi ya volkano: kuna mawe meusi ya basalti, majivu ya volkano, mawe mepesi yenye vitundu na udongo mwekundu wenye rutuba ambao mkulima wa ndizi na chai anaupenda kuliko mjenzi wa barabara.

Udongo wa volkano unastahili kuangaliwa kwa makini, maana unadanganya. Chukua kiasi cha kujaa kiganja kutoka ukingo wa barabara iliyokatwa mlimani karibu na Tukuyu, ukiwa na unyevu wake wa asili, kisha uubonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwanzoni unaonekana mkavu na wenye chembechembe. Ukiendelea kuusugua unaachia maji ghafla na kuwa utelezi. Roli la kushindilia likipita juu yake mara nyingi kupita kiasi hufanya jambo hilohilo, na tabaka lililoonekana imara asubuhi linakuwa tope mchana. Zaidi ya hayo, udongo huu ukikaushwa kwenye tanuri la maabara hubadilika tabia na haurudi ulivyokuwa, hivyo matokeo ya sampuli iliyokaushwa huonyesha udongo bora kuliko ule uliopo barabarani. Iombe maabara ipime sampuli mbili, moja ikiwa na unyevu wake wa asili na nyingine ikiwa imekaushwa, kisha ulinganishe.

Hatua ya tatu: Pima uimara kabla ya kupima hewa ukaa

Malighafi inayoharibika mapema itachimbwa, itasafirishwa na kushindiliwa tena, na kila marudio ni dizeli, maji na shimo jipya. Kwa sababu hiyo vipimo vya kawaida vya maabara ni vipimo vya mazingira pia, ingawa ni nadra kuitwa hivyo.

Kwa changarawe na udongo, pima mchanganuo wa ukubwa wa chembe, kiwango cha unyumbufu (jinsi udongo unavyofinyangika ukilowa), na nguvu ya kubeba mzigo kwa kipimo cha CBR baada ya sampuli kulowekwa kwenye maji siku nne. Mwongozo wa usanifu wa matabaka na malighafi wa Tanzania wa mwaka 1999 unaipanga changarawe kwa madaraja kama G15, G45 na G80, namba ikiwa ni CBR ya chini inayotakiwa. Kwa kokoto, pima uchakavu kwa mashine ya Los Angeles (pipa linalozungusha kokoto pamoja na mipira ya chuma), nguvu ya kustahimili kusagwa ikiwa kavu na ikiwa imelowa, pamoja na kiasi cha maji zinachonyonya. Kwa basalti ya Rungwe usiridhike na uzito na weusi wa jiwe, kwa kuwa baadhi yake ina madini ya mfinyanzi ndani yake na huanza kuoza likishafunuliwa. Tofauti kubwa kati ya nguvu ya jiwe kavu na ya lililolowa ni onyo la kutosha la kutafuta machimbo mengine.

Hatua ya nne: Hesabu mafuta na hewa ukaa

Hapa ndipo hisia zinapotupoteza zaidi, kwa hiyo nitaenda polepole na mfano mmoja. Viwango ninavyovitumia ni vya kuanzia; ukipata vya kiwanda au vya mkandarasi wako, badilisha.

Tuseme unajenga tabaka la msingi lenye upana wa mita 8 na unene wa sentimita 15. Kwa kilomita moja hilo ni meta za ujazo 1,200, na kwa ujazito wa tani 2 kwa kila meta ya ujazo ni tani 2,400. Una chaguo mbili. Ya kwanza ni changarawe iliyo kilomita 8 kutoka eneo la kazi, lakini dhaifu, hivyo inahitaji kuimarishwa kwa saruji asilimia 3. Ya pili ni kokoto za kusaga kutoka machimbo yaliyo umbali wa kilomita 60.

Watu wengi wataichagua ya kwanza bila kufikiri, kwa kuwa iko karibu. Sasa tuhesabu. Asilimia 3 ya tani 2,400 ni tani 72 za saruji. Saruji yenye klinka nyingi (mawe ya chokaa yaliyochomwa pamoja na udongo wa mfinyanzi kabla ya kusagwa) hutoa takribani kilo 800 za hewa ukaa kwa kila tani, na zaidi ya nusu ya hiyo haitokani na moto wa tanuri bali na mawe ya chokaa yenyewe yanapovunjika kikemia. Tani 72 zitaleta takribani tani 58. Tipa la tani 20 litafanya safari 120 za kilomita 16, kwenda na kurudi. Kwa lita 45 kwa kila kilomita 100 ni lita 864 za dizeli, na kwa kuwa lita moja ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, usafiri unaongeza tani 2.3. Jumla ni takribani tani 60.

Kokoto za mbali nazo zinahitaji safari 120, lakini za kilomita 120 kila moja. Hizo ni kilomita 14,400, lita 6,480 za dizeli, na tani 17.5 za hewa ukaa. Ongeza kulipua na kusaga, ambako kunaweza kuwekwa kwenye kilo 5 kwa tani, yaani tani 12. Jumla ni takribani tani 30, nusu ya ile ya changarawe ya karibu. Kwa hesabu hizi, machimbo ya kokoto yangelazimika kuwa mbali zaidi ya kilomita 160 ndipo saruji iwe na nafuu.

Usiishie hapo. Ukitumia saruji iliyochanganywa na majivu ya volkano, yenye kilo 600 kwa tani badala ya 800, jumla ya chaguo la kwanza inashuka hadi karibu tani 45, na umbali wa kusawazisha, yaani ule ambao chaguo zote mbili zinatoa hewa ukaa sawa, unashuka hadi kilomita 115. Ikiwa njia ya kokoto inapanda mlima kama Kitonga au miinuko ya Chimala kwenda Matamba, na tipa linakunywa lita 70 badala ya 45, umbali huo unashuka tena hadi karibu kilomita 75. Fanya hesabu kwa viwango vya chini na vya juu. Chaguo likishinda katika hali zote, liamini. Likishinda katika hali moja tu, sema hivyo wazi kwenye taarifa yako.

Hesabu hiyohiyo inatusaidia kwa lami. Tanzania huagiza lami kutoka nje, na kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, jambo linalowafanya wengi waione safari hiyo kuwa ndiyo dhambi kubwa. Tabaka la lami la sentimita 5 kwa upana wa mita 6.5 lina uzito wa takribani tani 764, lakini lami yenyewe ndani yake ni tani 38 tu kwa asilimia 5. Magari mawili yanatosha kuileta, na safari yao ya kwenda na kurudi hutoa takribani tani 4 za hewa ukaa. Kukausha na kupasha moto mchanganyiko wote, kwa lita 7 za mafuta kwa tani, hutoa zaidi ya tani 14. Kwa hiyo, kuzifunika kokoto zisilowe mvua kabla ya kuingia kwenye mtambo kunaweza kupunguza hewa ukaa kuliko kubishana juu ya umbali wa bandari. Pale magari yanapokuwa machache, tabaka jembamba la lami na kokoto ndogo hutumia chini ya nusu ya lami hiyo na halihitaji mtambo wa moto.

Hatua ya tano: Hesabu kinachopotea kila mwaka

Barabara ya changarawe ya upana wa mita 6 ikipoteza sentimita 2.5 kwa mwaka kwa vumbi, matairi na maji, inapoteza meta za ujazo 150 kwa kila kilomita. Kwa miaka 20 ni meta za ujazo 3,000 kwa kilomita moja. Changarawe haioti tena. Halmashauri yenye mamia ya kilomita za namna hiyo inakula vilima vyake, na miaka inavyokwenda machimbo yanasogea mbali, umbali unaongezeka, na hesabu ya hatua ya nne inageuka.

Ni katika miteremko yenye mvua nyingi ndipo hoja ya kuweka tabaka gumu inapokuwa na nguvu hata kama linaonekana ghali kwa hewa ukaa. Barabara ya zege ya Lusitu hadi Mawengi wilayani Ludewa ilijengwa kwenye nchi ya namna hiyo, ya miinuko na mvua. Si lazima kilomita zote zipate zege. Mara nyingi inatosha kuimarisha vilima vikali na sehemu zenye maji, na kuiacha changarawe ifanye kazi kwenye tambarare. Na mifereji isiyosafishwa huua malighafi yoyote, kwa hiyo usitathmini tabaka la barabara kana kwamba halina mtaro pembeni yake.

Hatua ya sita: Nenda kwenye shimo

Tathmini iliyofanyika mezani peke yake haina uzito. Nenda kwenye machimbo, na kama inawezekana nenda mara mbili, kiangazi na masika. Simama chini ya ukuta uliokatwa na uusome kutoka juu: ule mstari mweusi wa udongo wa kulima, unene wake, kama umewekwa pembeni au umemwagwa pamoja na takataka, kisha tabaka la changarawe, na mahali maji yanapochuruzika. Udongo wa juu, ambao mara nyingi ni sentimita 20 hadi 30, ndio utakaorudisha majani na mazao. Ukiwa umechanganywa na mawe au umerundikwa kwa kimo kirefu kwa miaka, utakuwa umekufa.

Kagua mambo yafuatayo kwa ukali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji, nami nashauri usikubali machimbo ndani ya umbali huo hata yakiitwa ya muda. Mchanga unaochotwa mtoni karibu na daraja huishusha sakafu ya mto na kufichua misingi ya nguzo, hivyo jengo la umma linabomolewa ili lijengwe lingine. Angalia pia wanaokaa upande unakoelekea upepo, kwa kuwa vumbi la mawe yenye silika huumiza mapafu ya wafanyakazi na ya majirani. Kumwagia maji mashine ya kusaga na kuvaa barakoa inayofaa si anasa. Uliza leseni: changarawe, mchanga, mawe na hata majivu ya volkano ni madini ya ujenzi chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na mzigo usio na karatasi mara nyingi hutoka kwenye shimo lisilo na mpango wa kufungwa.

Mpango wa kufunga ndio ninaoupa uzito mkubwa kuliko karibu kila kitu kingine katika hatua hii. Kuta zilazwe hadi mtu na ng'ombe waweze kushuka na kupanda bila hatari, kwa kipimo cha angalau mita tatu mlalo kwa kila mita moja ya kimo. Maji yaelekezwe yasikate korongo kwenye shamba la jirani. Udongo wa juu urudishwe na upandwe nyasi na miti ya asili. Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi. Wanakijiji wakitaka shimo libaki kuwa lambo la kunyweshea mifugo, liamuliwe kwenye mkutano wa kijiji, liandikwe, na kingo zake zilazwe vizuri zaidi, kwa kuwa shimo lenye kuta wima linalojaa maji ya masika ni hatari kwa watoto. Zungumza na wazee na kina mama wanaochota maji, si mwenyekiti na mtendaji peke yao. Hao ndio wanaojua chemchemi ipi ilikauka baada ya machimbo yaliyopita.

Hatua ya saba: Usisahau maji

Kushindilia kunahitaji maji. Kwa tabaka la mfano wetu la tani 2,400, ikiwa malighafi inahitaji kuongezewa unyevu wa asilimia 5, ni lita 120,000 kwa tabaka moja la kilomita moja, bila kuhesabu ya kuzuia vumbi na ya kukomaza saruji. Huko Tukuyu hilo linaweza lisimguse mtu. Katika bonde la Usangu ni jambo zito, kwa sababu Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka katika sehemu ya mkondo wake wakati wa kiangazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kiangazi ndicho msimu wa ujenzi. Omba kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde husika, iwe ya Rufiji, Ziwa Rukwa au Ziwa Nyasa, na ulinganishe malighafi kwa kiasi cha maji zinachodai. Kufanya kazi ya udongo mapema, mara mvua zinapokwisha na ardhi ikiwa bado na unyevu, huokoa maji mengi bila gharama.

Hatua ya nane: Tafuta kilichokwisha kuchimbwa

Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma imekarabatiwa mara nyingi, na kila ukarabati hukwangua lami na kokoto ambazo bado zina thamani. Lami iliyokwanguliwa inaweza kurudi kwenye tabaka la msingi au mabega ya barabara, mradi ipimwe na ihifadhiwe bila kuchanganywa na udongo. Majivu ya makaa ya mawe na mabaki mengine ya viwandani yasiingie barabarani kabla ya kupimwa kama yanaachia metali nzito kwenye maji.

Hatua ya tisa: Amua bila kujificha nyuma ya wastani

Jedwali linalotoa alama kwa kila kigezo kisha kuzijumlisha linavutia, lakini ni hatari: alama nzuri za hewa ukaa zinaweza kufunika shimo linaloua chemchemi. Weka kwanza vizuizi visivyojadiliwa, yaani umbali kutoka kwenye maji, leseni, uimara wa chini unaotakiwa na ridhaa ya kijiji. Chaguo linaloshindwa kimojawapo linatoka. Yanayobaki ndiyo yalinganishwe kwa hewa ukaa, maji, kiasi kinachochimbwa, gharama na ajira za wenyeji, kila kimoja kwa namba yake. Katika safu ya gharama, kumbuka uharibifu wa barabara za kusafirishia: ekseli iliyozidishiwa uzito kwa asilimia 20 huongeza uharibifu takribani mara mbili, na barabara ya kijiji iliyovunjwa na matipa ni sehemu ya gharama ya malighafi.

Uamuzi ukishafanyika, uingie kwenye nyaraka za zabuni. Ukarabati wa machimbo uwe na mstari wake wa malipo kwenye orodha ya kazi na bei, na malipo hayo yatolewe baada ya kukagua, kwa kuwa kazi isiyo na bei hufanywa mwisho au haifanywi kabisa.

Hatua ya kumi: Rudi baada ya masika

Panga ukaguzi wa lazima baada ya msimu wa kwanza wa mvua, barabarani na kwenye shimo. Pima unene wa changarawe uliobaki kwenye sehemu zilezile, piga picha kingo za machimbo kutoka mahali palepale, na uulize kijiji hali ya maji. Andika lita halisi za dizeli, tani halisi za saruji na umbali halisi wa matipa, kisha uziweke kwenye jalada la halmashauri zinakoweza kupatikana, ili mradi unaofuata katika bonde au mlima huohuo uanze na takwimu za mahali penyewe badala ya viwango vya kuazima nilivyovitumia hapa.